Symphorien Aliyesimamisha Mkono wa Angani

Miaka ile ya themanini, ukifika Likasi katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba ukauliza nyumba ya Symphorien, ungeulizwa kwanza ni Symphorien yupi, maana walikuwa wengi. Ungetakiwa kusema tu: yule aliyewasimamisha Waamerika angani. Hapo hata mama aliyekuwa akitwanga mihogo angeacha mchi wake akuonyeshe njia kwa kidole, huku anacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichobaki, na si kibaya. Lakini nyuma yake kulikuwa na hofu ya miaka miwili, na walioijua walikuwa wawili tu, Symphorien mwenyewe na mkewe Colette. Au ndivyo walivyodhani. Usijali, msomaji, katika habari hii hakuna anayekufa, na anayelia analia kwa furaha.

Baba yake Symphorien aliletwa kutoka Kasai zamani za Wabelgiji, kuja kuchimba. Mtoto akazaliwa hapohapo, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville. Alipofikisha miaka kumi na minane aliingia kiwandani kwa mlango wa ufagio: alifagia ukumbi wa matangi miaka kumi na miwili bila kulalamika sana. Mwaka 1967 kampuni ikawa mali ya serikali, wazungu wengine wakafunga mizigo yao, na viti vikabaki wazi. Mwaka uliofuata Symphorien akapandishwa ngazi, tena ngazi ya kweli, ya chuma, yenye vipago thelathini na sita, mpaka kwenye chumba kidogo cha vioo chini ya paa. Akawa dereva wa ponti.

Ponti ni daraja la chuma linalotembea juu ya reli mbili, moja kila upande wa ukumbi, na katikati yake imening'inia ndoana. Chini yake yamepangwa matangi marefu ya asidi, na ndani ya asidi, kwa nguvu ya umeme, shaba inajijenga polepole kwenye sahani. Sahani zikikomaa, dereva anazichomoa fungu zima kwa pamoja, tani mbili zinazochuruzika, anazipeleka kuoshwa. Akivuta wenzo kidogo tu kupita kiasi, mzigo unayumba, unagonga ukingo, asidi inaruka. Na mvuke ukiwa mzito asubuhi, dereva haoni ndoana yake. Anaona mtu mmoja tu, yule wa chini anayempa alama kwa mikono.

Mtu huyo wa chini alikuwa Adolphe, Mkatanga mwenyeji wa Likasi, mfupi, mwenye ndevu na maneno mengi. Nje ya kiwanda alikuwa akimtania Symphorien kwamba Wakasai wanakula mbwa, naye akijibiwa kwamba watu wa Katanga wangekula hata panya wa shimoni kama wangemkamata. Ndani ya kiwanda hawakusema neno. Adolphe aliinua kidole, mzigo ukapanda. Akapindua kiganja, mzigo ukashuka. Kwa miaka kumi na saba walizungumza hivyo kwa saa nane kila siku. Colette alizoea kuwaambia jirani zake kwamba mumewe ameoa wake wawili, na yule wa pili ana ndevu.

Serikali ilipoamuru watu waache majina ya ubatizo, karatasi za kampuni zikamwita Citoyen, yaani Raia, Mukendi Tshimanga. Alitii kwenye karatasi. Kanisani, nyumbani na juu ya ponti alibaki Symphorien, kwa sababu mtu haombi ofisi ruhusa ya kuitwa na mkewe.

Sasa kuna sheria mbili za ukumbi ule lazima uzijue, bila hizo habari hii haina miguu. Ya kwanza: dereva anamtii mtu mmoja tu. Hata mkurugenzi akija na kofia yake mpya akapunga mkono, dereva hamwoni. Ya pili inaipindua ya kwanza: alama ya kusimamisha ni ya kila mtu. Awe mfagiaji, awe mgeni, akiona hatari anainua mikono miwili juu ya kichwa na kuipishanisha. Na kila anayeiona alama hiyo anairudia palepale bila kuuliza sababu, mtu baada ya mtu, mpaka ipenye mvuke imfikie dereva. Watu wa ukumbi ule waliizoea kiasi kwamba mikono yao ilipanda kabla akili haijafika.

Mwenye alama naye ana mahali pake. Kando ya kila safu ya matangi pamepigiliwa kipande cha bati nene sakafuni. Hapo ndipo dereva anamwona vizuri kuliko popote. Bati la safu yao liling'aa katikati kwa viatu vya Adolphe.

Mwishoni mwa mwaka 1983 mkono wa kulia wa Symphorien ulianza kufa ganzi. Kwanza vidole viwili, kisha vitatu. Kikombe kilimponyoka mezani akasingizia chai ya moto. Baadaye akashindwa kufunga vifungo vya koti la kazi, Colette akawa anamfungia kila alfajiri, mlango ukiwa umefungwa ili jirani wasione. Juu ya ponti ilikuwa hivyohivyo: kuna wakati mkono ulimtii, na kuna wakati aliutazama wenzo akiona vidole vyake vimeushika, lakini yeye hasikii kitu, kama vidole vya mtu mwingine. Uchunguzi wa afya wa mwaka ulipofika alimwonyesha muuguzi mkono wa kushoto kwa ufundi wote, na muuguzi alikuwa na watu mia moja nje. Akapita.

Kwa nini asiseme? Kwa sababu ya Camille. Huyu alikuwa jirani yao, dereva pia, macho yakamchoka. Nyumba za kambi zilikwenda na kazi, na kazi ilipokwisha Camille alirudisha ufunguo, akahamia chumba kimoja kule mtaa wa Kikula na watoto saba. Hakuna aliyemwonea, ilikuwa ndiyo kawaida na kila mtu aliijua tangu siku ya kwanza. Symphorien alimsaidia kubeba vitanda. Tangu siku hiyo kila ganzi ilipokuja aliona vitanda vyake mwenyewe juu ya mkokoteni. Aliogopa, tuseme ukweli. Aliogopa mpaka akaacha kumtazama Adolphe usoni.

Ikafika Jumapili moja ya mwaka 1985. Padri Stanislas, mmisionari mzee wa parokia aliyependa mashine karibu kama alivyopenda watakatifu, alitangaza mwishoni mwa misa kwamba ameazima filamu Lubumbashi, juu ya roboti zinazowasaidia wanaanga ndani ya chombo chao. Alasiri ukumbi wa parokia ukajaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, na safu tatu za mbele zikakaliwa na watu wa kiwanda, maana habari za mashine waliziona ni zao.

Projekta ikaguruma. Wakaiona dunia ikiwa ya buluu, wakasema aah. Kisha wakaona chombo kilichofunguka mgongo, na ubavuni mwake mkono wa chuma, mrefu kuliko nyumba tatu za kambi, wenye bega, kiwiko na kifundo kama wa mtu. Ukakunjuka polepole. Padri alikuwa akieleza kwamba roboti hiyo ndiyo inayotoa mizigo na kuirudisha, na wakati mwingine inambeba mwanaanga mwenyewe hadi mahali pa kazi. Watu wa kiwanda walisogea mbele kwenye mabenchi yao. Walikuwa wakimtazama mwenzao kazini.

Mkono ukaenda ukakamata mtambo mkubwa kama lori, ukaanza kuuleta. Chini, ndani ya chombo, mtu mwenye mavazi meupe alikuwa ameinama, anashughulika na jambo lake. Mzigo ukaja. Ukaja juu yake. Ukapita juu ya kichwa chake hasa.

Symphorien alijikuta amesimama, mikono miwili juu ya kichwa, imepishana.

Adolphe, aliyekaa nyuma yake, akasimama naye akairudia. Safu yote ikairudia. Safu ya pili, safu ya tatu, wanaume sitini na kitu wamesimama mbele ya Waamerika wakiwaamuru wasimamishe. Padri Stanislas aliona vivuli vya mikono vimejaa kwenye nguo nyeupe ya sinema, akadhani filamu inaungua, akaizima projekta. Mkono wa angani ukasimama, na mzigo wake.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wanawake walipiga vigelegele. Symphorien alitamani sakafu ifunguke. Lakini Padri hakucheka sana. Aliwasha taa akaeleza taratibu kwamba kule juu kitu hakina uzito, mzigo ukiachiwa hauanguki. Akaongeza kwamba mkono ule, pamoja na urefu wake wote, hapa duniani usingeweza hata kujiinua wenyewe. Watu wa kiwanda hilo waliliona tamu sana, wakalirudia wiki nzima. Kisha mmoja akauliza dereva wake yuko wapi, kwa sababu hakuna mashine isiyo na dereva, roboti au si roboti. Padri akairudisha filamu nyuma kidogo akawaonyesha: nyuma ya kioo amesimama mtu, kila mkono umeshika kishikio kimoja, na kando yake mwenzake anatazama picha na kumwambia anachokiona.

Wakati huo picha ikawa inaonyesha mwanaanga amesimama kwenye ncha ya ule mkono, miguu imefungwa, na chini yake hakuna kitu. Mwili wake wote umekabidhiwa vidole vya mtu aliye nyuma ya kioo.

Symphorien akauliza swali. Aliuliza kwa sauti ndogo, na waliokaa karibu walidhani anatania tena.

"Mon père, na kama mukono ya ule dereva haimusikie?"

Padri alitafuta kwenye karatasi iliyokuja na filamu. "Banasema, akiachilia bishikio, robot inasimama palepale," akajibu. "Halafu anaambia benzake. Ule mwenye kusimama kule inje, anapashwa kujua."

Anapaswa kujua. Filamu ikaendelea, mkono ukaweka mzigo wake salama, watu wakapiga makofi. Symphorien hakuona kitu tena. Aliona safu yao ya matangi, na mtu mfupi mwenye ndevu aliyesimama chini ya tani mbili za shaba, asiyejua.

Njiani kurudi nyumbani Adolphe alitembea mbele na wengine, akionyesha kwa mikono jinsi walivyowasimamisha Waamerika, kila mara akiongeza chumvi. Symphorien na Colette walibaki nyuma. Colette alingoja mpaka wakapita visima vya kambi.

"Baba Anne, utasema siku gani?"

Akamjibu kwamba akisema, watahamia wapi, na Anne bado yuko shuleni. Colette hakupandisha sauti.

"Masufuria yangu, nitapata fasi ya kuyaweka. Kichwa ya Adolphe, sina fasi yake."

Kuna wanawake wanaomaliza shauri kwa neno moja, na Colette alikuwa wa kabila hilo.

Jumatatu asubuhi alimfungia vifungo kama kawaida. Symphorien alipanda vipago vyake thelathini na sita akiwa ameazimia kusema jioni, baada ya kazi, kwa utulivu. Mambo ya kusema jioni ni mazuri sana asubuhi. Umeme wa bwawa la Koni siku hiyo ulikuwa imara, mvuke ukawa mzito. Adolphe alikuwa chini, karibu na nguzo. Siku hizi alisimama hapo, alisema mvuke unamsumbua macho kule mbele kwenye bati. Kidole kikapanda. Symphorien akavuta, sahani zikatoka kwenye asidi zikichuruzika, zikapanda mpaka zikafika juu ya vichwa vya watu.

Hapo ganzi ikaja. Haikuja kidogokidogo. Mkono ulikatika ghafla kutoka kwake, akauona umeushika wenzo na hakujua anaushika kwa nguvu kiasi gani.

Alifanya jambo ambalo dereva hakuwahi kulifanya katika ukumbi ule. Kwa mkono wa kushoto aliung'oa wa kulia kwenye wenzo. Wenzo ukarudi katikati wenyewe, breki ikabana, mzigo ukasimama. Kisha akasimama nyuma ya vioo vyake, akainua mikono yote miwili, ule mzima ukiushikilia ule uliokufa, akaipishanisha juu ya kichwa.

Adolphe aliiona. Akairudia. Ukumbi wote ukairudia, mpaka mtu wa mwisho mlangoni, na hakuna aliyecheka. Dereva wa zamu nyingine alipanda akaushusha mzigo. Symphorien alishuka kwa shida, akamkuta Adolphe na msimamizi wao Mathieu wanamngoja chini ya ngazi.

"Mukono yangu inakufa," akasema. "Ni miaka mbili. Nilikuficha, Adolphe. Unisamehe."

Adolphe alimfungulia kifungo cha shingoni apate hewa, akamwongoza mpaka hospitali kama anavyoongozwa kipofu.

Daktari alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwenye haraka ya mikono na subira ya masikio. Aliugeuza mkono, akauchoma kwa sindano ndogo huku na huku, akauliza kama ganzi inamwamsha alfajiri. Inamwamsha. Kisha akagonga kifundo kwa vidole viwili, na Symphorien akasikia moto ukikimbia hadi kwenye ncha ya kidole cha kati. Akaruka kitini. Daktari akatabasamu kama mtu aliyepata kitu kilichopotea.

"Vieux, mzee wangu, mukono yako haikufa. Mushipa wa fahamu njo unafinywa hapa, kwa kifundo, sawa muntu anakanyaga mupira ya maji. Tunapasua kidogo, tunaufungulia njia. Wiki sita, unarudia kwa ponti yako."

Symphorien alimwomba aseme tena. Daktari akasema tena, safari hii polepole, na akaongeza karipio: angekuja miaka miwili iliyopita, angekuwa amesahau zamani. Angengoja mwaka mmoja zaidi, mkono ungekufa kweli. Halafu akaandika karatasi.

Alitoka pale na karatasi mfukoni, akatembea. Alipita njia ya nyumbani bila kuiona. Akapita soko, akafika karibu na stesheni ya treni, na hapo tu akagundua kwamba anacheka peke yake na kwamba mvua imemlowesha mpaka ndani ya viatu. Mwanamke mmoja muuza karanga akamwuliza kama ni mzima. Akamjibu kwamba ni mzima, mama, mzima kabisa, na alipolisikia neno hilo kwa sauti yake mwenyewe akakaa chini palepale, kando ya karanga.

Colette alipoelezwa alikaa kizingitini, akajifunika uso kwa kikwembe, akalia kidogo. Kisha akafuta macho na kuanza kumgombeza: miaka miwili anamfungia vifungo kama mtoto wa kubatizwa, kumbe ni kifundo. Aligombeza mpaka ugali ukaiva. Symphorien alisema hajawahi kusikia wimbo mtamu kuliko huo.

Mkono ulipasuliwa, ukashonwa, ukapona. Mathieu aliandika katika ripoti kwamba dereva amesimamisha mzigo kwa usalama, na si uongo. Wiki sita hizo Symphorien aliwekwa kukagua minyororo, na jioni watoto wa kambi walimngoja njiani ili wamwinulie mikono iliyopishana, naye akasimama kila mara, wima, kama mashine, mpaka wamruhusu aendelee. Ndipo jina likamkaa.

Siku ya kurudi alijifungia vifungo mwenyewe. Vitano, kimoja kimoja, Colette akihesabu. Akapanda ngazi, akakaa, akakunja na kukunjua vidole. Aliusikia wenzo wote, hata baridi yake. Akatazama chini amtafute Adolphe pale kwenye nguzo.

Hakuwapo. Symphorien akasogeza uso kwenye kioo. Adolphe alikuwa amesimama mbele, katikati ya bati, ambalo sasa lilikuwa na kutu. Mvuke ulikuwa uleule wa kila siku na haukuonekana kumsumbua macho hata kidogo.

Hapo Symphorien akaelewa, akausahau wenzo mpaka watu wa chini wakaanza kutazamana.

Mchana, wakila, alimwuliza amejua tangu lini. Adolphe alimaliza kutafuna kwanza.

"Tangu mwanzo. Mi naangalia mikono yako miaka kumi na saba, weye unazani naangalia nini? Nikisema, unapoteza nyumba. Nikinyamaza, mi napoteza kichwa. Njo nikarudia nyuma hatua mbili, nikakungoya useme."

Kisha akamwambia amalize chakula, au labda Wakasai siku hizi wanangoja mbwa. Symphorien akacheka mpaka akapaliwa. Filimbi ikalia. Akapanda vipago vyake thelathini na sita, akaketi, akatazama chini. Adolphe alikuwa juu ya bati lake, akiisugua kutu kwa kisigino. Akainua kidole, na mzigo ukapanda.